Mdomo wa Kuzi

Nilikuwa nimekwisha kulipa, kuzi langu nimelikumbatia, pale muuzaji aliposema, "Ngoja kwanza." Akalichukua mikononi mwangu, akaomba maji kwa jirani yake anayeuza ndizi, akalijaza hadi shingoni. Kisha akaliinamisha polepole juu ya vumbi, akayaacha maji yatoke kwa uzi mmoja, na ghafla akalisimamisha. Maji yaliyomwagika hakuyajali. Alikuwa akiutazama mdomo. Tone moja lilining'inia ukingoni, likatetemeka, likaangukia nje, mbali na tumbo la chombo. Akapitisha kidole chini ya ukingo, akanionyesha: kikavu. "Sasa beba," akasema.

Hii ilikuwa kando ya soko la Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi uliokaa juu ya vilima pale Ziwa Kivu linapoishia na mto unapoanza safari yake ya kwenda Tanganyika. Watu wazima bado huuita upande huu Cyangugu. Ng'ambo ya mto ni Bukavu. Kiswahili cha hapa hakikungoja mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilipokifanya lugha rasmi. Kilivuka daraja zamani sana, pamoja na samaki, vitenge na mafuta ya mawese. Ndicho alichonisemesha yule mama muuzaji, Kiswahili chenye Kinyarwanda ndani yake kama mchanga ndani ya udongo wa kufinyangia, ambao usipokuwamo chungu hupasuka.

Tangu siku ile nina maradhi ya kutazama midomo ya vyombo. Nikiketi mgahawani nikaletewa chai katika birika la chuma cha pua, najua kabla ya kumiminiwa kwamba robo kijiko itateleza chini ya mdomo, itambae shingoni na kuishia kwenye kitambaa cha meza. Na siko peke yangu. Mwaka 1956 mwanasayansi Markus Reiner aliliandikia tatizo hili na kulipa jina, athari ya buli, na ilipofika 2021 ndipo watafiti wa Vienna na London walipochapisha nadharia yake kamili. Kimiminika kikitoka kwa kasi huruka ukingo na kwenda zake. Kikienda polepole hulowesha upande wa chini wa mdomo, hushika, hujipinda, hufuata ukuta wa chombo. Ukingo ukiwa mwembamba na mkali, maji hayapati pa kushikia, yanaachia. Hesabu zake hujaza kurasa. Yule mama anazimaliza kwa kidole kimoja.

Kiswahili kimekipa chombo cha udongo karibu mwili mzima: kitako, tumbo, mabega, shingo, mdomo, sikio la kukishikia. Kila kiungo na kazi yake. Tumbo linahifadhi, shingo inapunguza, mdomo unatoa. Mfinyanzi mwanagenzi hutia akili zote tumboni kwa kuwa tumbo ndilo linaloonekana sokoni, na mnunuzi asiyejua naye huligonga kwa kucha asikilize mlio. Mlio ni muhimu, sikatai. Chungu chenye ufa hulia kama mbao. Lakini mlio unakuambia kama chombo ni kizima. Haukuambii kama kinajua kazi.

Vyombo vya udongo vilivyotajwa sana Rwanda havikuwa vya kumimina. Intango, ule mtungi mkubwa wa pombe, nani angeuinamisha? Uliketi ardhini kama mzee wa ukoo, watu wakaufuata wao kwa mirija, au wakachotewa kwa uruho, kata ya kibuyu. Ikibindi ndicho kilichotembea. Kilileta maji kutoka mtoni na pombe ya ndizi kutoka kwa aliyeikamua, kichwani mwa mtu, juu ya ngata ya majani, kwenye mteremko wa Rwanda ambao hauna mahali pa kupumzikia mguu. Chombo cha safari kama hiyo kinahitaji shingo nyembamba ili kisimwage njiani, na mdomo uliofunguka kidogo ili kimwage kikifika. Kumimina kwa upole, kule kwa kumhudumia mgeni, kuliachiwa igicuma, yaani kibuyu, chombo ambacho hakuna aliyekifinyanga. Mmea umejitengenezea shingo wenyewe. Nina wazo langu, na sina wa kulithibitisha, kwamba mfinyanzi wa kwanza wa nchi hizi alijifunza kwa kibuyu. Tazama ikibindi kizuri kwa ubavu, utaona kibuyu kilichokatwa kichwa.

Na kumimina mbele ya watu si jambo dogo hapa. Mwenyeji akileta pombe huionja yeye kwanza, mgeni akitazama, ijulikane kwamba haina kitu. Macho yote yako kwenye ukingo wa chombo. Pombe ikitambaa ubavuni na kudondokea goti la mkwe, hilo litasimuliwa.

*

Nilimfuata yule mama kwake mwezi wa saba. Alikuwa ameniambia nisihangaike kuja wakati wa masika: jua halipo, nyasi ni mbichi, chungu kinalia machozi ndani ya nyumba wiki nzima. Anaishi kwenye mteremko unaotazama bonde la Bugarama. Chini kuna mashamba ya mpunga, na ng'ambo yake kiwanda cha saruji cha Cimerwa ambacho kimekuwa kikichoma mawe tangu 1984. Ndani ya tanuri la saruji joto hupita nyuzi 1,400. Uwanjani kwake kulikuwa na shimo la kina cha goti, lundo la nyasi kavu, na kuku. Nilimwita mukecuru, yaani bibi, kama heshima inavyotaka. Yeye akaniita mwana wangu, ingawa mvi zangu alikuwa akiziona.

Udongo ulikuwa pembeni ya ukuta, umefunikwa kwa majani ya migomba. Hutoka kinamasini, chini ya tabaka jeusi la juu, rangi yake ya kijivu iliyoingia ubuluu. Alikuwa amekwisha kuutoa mizizi na vijiwe, akaukanyaga, akautwanga. Alichukua tonge, akalisokota likawa kama mnyoo, akalizungusha kidole chake cha shahada mithili ya pete. Pete ikapasuka mgongoni. Akatia maji kiganjani, akakanda tena. Pete ya pili ikakaa. Huo ndio mtihani, na sikuona mwingine.

Gurudumu hana. Ana gae, kitako cha chungu kilichovunjika zamani, amelilaza chini juu ya mgongo wake wa mviringo. Humo alitia bonge la udongo, akalitoboa kwa ngumi, akaanza kulizungusha gae kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukivuta kuta. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, nasi tumezoea kuusema msemo huo kwa huruma: atengenezaye vyungu vya watu hana chungu chake. Pale uwanjani niliuona kwa jicho jingine. Gae lile ndilo mashine yake. Chungu kilichokufa kinamzalisha kipya. Na wafinyanzi wengi wa nchi za Maziwa Makuu hutwanga hata vigae wakavichanganya na udongo mbichi pamoja na mchanga, kwa sababu udongo uliokwisha kupita motoni haunywei tena, na huuzuia ule mbichi kukunjamana na kupasuka.

Kuta zikapanda kwa mikunjo mirefu ya udongo, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukishonwa kwa kidole gumba: ndani kikishuka, nje kikipanda. Kisha kipande cha kibuyu, kilichonolewa ukingo na matumizi, kikapara ukuta hadi alama za vidole zikapotea. Kufikia mabegani alisimama, akafunika kazi kwa jani, akaenda kupalilia maharage.

Nilidhani amechoka. Mjukuu wake akanieleza: tumbo lazima lipate nguvu kwanza. Udongo mbichi haubebi shingo; ukiulazimisha, mabega yanaketi. Ukiuacha ukauke mno, shingo haitashikana na bega, motoni zitaachana. Kuna muda katikati, na muda huo haupimwi kwa saa kwa sababu unategemea jua, upepo, na unene wa ukuta. Mukecuru alirudi mara mbili, akagusa bega kwa mgongo wa kidole kama unavyopima homa ya mtoto, akaondoka. Mara ya tatu akaketi. Nikihesabu, kuzi lile lilikula mchana mzima, na mikono yake ilifanya kazi saa moja na nusu, labda. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja kule ndiko kunakomtofautisha na mimi. Nilijaribu. Shingo yangu ilizama ndani ya bega kama kobe.

Sasa mdomo. Alikata ukanda wa jani la mgomba, akaulowesha, akaukunja juu ya ukingo na kuushika baina ya gumba na shahada. Gae likazunguka, na kila mzunguko ukingo ukawa mwembamba zaidi, ukang'aa. Akaacha ukanda. Vidole viwili vya kushoto vikakaa nje ya shingo, huku na huku; kidole cha kulia kikaingia ndani kikavuta mbele na chini, vile vya nje vikiminya. Mara moja. Mdomo wa duara ukawa na mkondo, kama mtoto anayetaka kupuliza moto. Nikamwomba arudie nipige picha, akakataa. Udongo ukiminywa mara ya pili pale pale unachoka, akasema, na uchovu huo hauuoni leo. Utauona siku ya moto.

*

Umbo hilo la mdomo ulioguswa kwa vidole nililijua kabla ya kuijua Rusizi. Lipo kwenye vitabu vya Ugiriki ya kale. Wagiriki walikuwa na chombo walichokiita oinokoe, jina lililounganishwa kwa divai na kumimina: mkono mmoja wima, tumbo la yai, na mara nyingi mdomo wenye mafumba matatu kama jani, uliopatikana kwa kubana ukingo mbichi pande mbili. Divai yao hawakuinywa tupu. Waliichanganya na maji katika bakuli kubwa lililosimama katikati ya wanywaji, oinokoe ikachovywa humo, ikatoka imejaa, ikamimina katika vikombe bapa. Kwa hiyo ilikuwa kata na kuzi kwa pamoja. Mpangilio ni ule ule wa nyumbani: chombo kikubwa kisichotembea, na kidogo kinachotumwa. Kulikuwa hata na oinokoe ndogo za watoto. Kwenye sikukuu yao ya divai mpya mjini Athens, watoto wa umri wa miaka mitatu hivi walipewa zao.

Iliyo maarufu kuliko zote ilifukuliwa Athens mwaka 1871, karibu na lango la Dipylon, upande wa Kerameikos, mtaa wa wafinyanzi. Ni ya mnamo mwaka 740 KK. Baada ya kuchomwa, mtu alichukua kitu chenye ncha akakwaruza maandishi begani mwake, na maandishi hayo ni miongoni mwa ya kale kabisa yaliyosalia ya alfabeti ya Kigiriki. Yanasema kwamba chombo ni cha yule atakayecheza ngoma kwa wepesi kuliko wachezaji wote. Hukumu ya ngoma, basi, ni miongoni mwa yaliyoandikwa kwanza kwa alfabeti hiyo. Sheria na hesabu za kodi tunazisoma baadaye.

Nilimwonyesha mukecuru picha yake kwenye simu. Alitazama kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili kama alivyoona wajukuu wakifanya. Shingo ndefu mno, akasema. Mkono hauingii, ataosha vipi ndani? Kisha akauliza ni nani aliyeushika ule mkono wa chombo ukikauka, kwa sababu mkono mzito huvuta mdomo upande mmoja. Nikamwambia Wagiriki walitumia gurudumu, na kijana wa kulizungusha. Akatikisa kichwa: kijana wa kuzungusha tu, kazi yake hiyo hiyo? Hilo la zawadi ya mchezaji ndilo lililomchekesha. Hapa mchezaji hodari hupewa kilichomo ndani, akasema, chombo anakirudisha.

Alikuwa na haki ya kucheka, maana ngoma na udongo kwa watu wake ni ndugu. Wafinyanzi wa Rwanda tangu zamani wengi wao ni Batwa, watu wa msituni, wawindaji, ambao pia walikuwa waimbaji na wachezaji katika ikulu ya mwami, yaani mfalme. Huko Athens ngoma na chombo zilikutana begani mwa kuzi moja. Hapa zimekutana kwenye familia moja.

*

Kabla ya kukauka kabisa, kuzi lilipata nakshi. Mukecuru alitoa kamba fupi ya nyasi iliyofungwa mafundo, akaibingirisha mabegani kwa kiganja, ikaacha safu za vijishimo kama ngozi ya nanasi. Kazi ya sekunde chache. Wanaakiolojia wanaofukua vilima vya Rwanda huitumia alama hiyo kama kalenda, kwani vyungu vya kamba iliyobingirishwa vimekuwa vikitengenezwa katika nchi hizi kwa miaka elfu moja na zaidi. Chini ya hivyo hupatikana vya kale zaidi, vya aina ya Urewe, jina la kijiji cha magharibi mwa Kenya: mistari iliyochorwa kwa ncha, ukingo uliopigwa pembe kwa ustadi, na mara nyingi kidimbwi cha kidole kitakoni. Kule Kabusanze, upande wa Huye, lilifukuliwa kaburi la mnamo mwaka 400 ambamo mtu mzima na mtoto mchanga walizikwa pamoja na mapambo ya chuma na vyungu vya Urewe. Nimeona picha za kingo za Urewe na nasema bila kusita: walioziunda hawakuwa wakibahatisha. Mtu hapigi ukingo pembe namna ile kwa ajili ya uji peke yake. Alitaka uonekane.

Moto uliwashwa siku ya nane. Vyungu vilianza kwa kupashwa kando, mdomo chini, kwa makaa machache, kwa sababu maji yaliyojificha ndani ya ukuta yakichemka ghafla hugeuka mvuke na kukipasua chombo. Kisha vikapangwa shimoni, vikubwa katikati, juu yake kuni nyembamba, majani makavu ya migomba, na nyasi hadi vikapotea. Moto wa wazi kama huo hupanda upesi na kuisha upesi. Haufiki hata nyuzi 1,000, ila unatosha kuufanya udongo usirudi tena kuwa tope.

Rangi ndiyo iliyonishika. Udongo wa Athens na wa Bugarama wote una chuma ndani yake, na chuma hicho hicho huwa chekundu kikipata hewa, cheusi kikizibwa kwa moshi. Wagiriki waliugeuza ukweli huo kuwa sayansi: walifungua matundu ya tanuri, wakayafunga, wakayafungua tena, mpaka kila mstari uliopakwa ukabaki mweusi unaong'aa juu ya mwili mwekundu. Mukecuru anauachia moto uchore. Kuzi lile lilitoka jekundu kama tofali, na ubavuni lina wingu jeusi pale jani lilipolala. Wengine huliona hilo kama doa. Binafsi nisingelibadilisha.

Vyungu vitatu kati ya kumi na tisa vilipasuka. Aliviweka kando pasipo neno. Vitako viwili vilikuwa vizima, vitakuwa magae.

*

Nisiseme kana kwamba kila kitu ni shwari. Msitu wa Nyungwe ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1933 na baadaye ukawa hifadhi ya taifa, na Batwa waliokuwa wakiutegemea wakabaki na udongo. Kisha udongo nao ukawa mgumu kupatikana: vinamasi vimegeuzwa mashamba ya mpunga, na anayelima hapendi mashimo. Serikali huwaita watu hawa walioachwa nyuma na historia. Hawafiki asilimia moja ya Wanyarwanda. Na jerikani ya njano haivunjiki, haina bega la kusubiri likauke, wala haimuulizi mtu kama anajua kumimina. Maji yake huwa vuguvugu, wakati ya mtungi hupoa yenyewe kwa sababu ukuta wake hutoa jasho. Lakini jerikani huanguka kutoka kichwani na kuokotwa ikiwa nzima, na hoja hiyo mimi siwezi kuishinda.

Kinachoniudhi ni kingine. Wafadhili na wenye mahoteli wakitaka kuwasaidia wafinyanzi, huwaagiza vyombo vya maua vilivyopakwa vanishi, na ukingo wa kukaa shada hauhitaji kujua lolote. Nimeshika vingi. Vina midomo minene kama ya viatu. Binti anayejifunza kwa kutengeneza hivyo atakuwa na mikono iliyozoea, ila ule mvuto mmoja wa kidole hataupata, kwa sababu hakuna mteja atakayemrudishia chombo akisema kinavuja. Sanaa ya kumimina hulindwa na mtu anayemimina.

Kuzi langu nililipia bei isiyofika soda mbili. Liko mezani ninapoandika, lina maji, na kitambaa chini yake ni kikavu. Ukipita Kamembe, uliza vyungu vinapouzwa, na kabla ya kulipa omba maji ya kujaribia. Muuzaji hatakasirika. Jaza hadi shingoni, mimina kidogo, simamisha ghafla, kisha pitisha kidole chini ya mdomo. Kikitoka kimelowa, chagua jingine, na mwambie kwa nini.